Injini ya pili si tairi la spea

Kijana wa bodaboda aliyenishusha kwenye geti la uwanja wa ndege wa Kisongo aliniuliza swali ambalo karibu kila mtu huniuliza. Nilikuwa nimemwambia naenda kujifunza ndege ngeni kwangu, ndogo, ya injini mbili. "Hiyo ndiyo safi, kaka," akasema huku akitafuta chenji. "Moja ikizima si unaenda na nyingine?" Nikamjibu ndiyo, nikapokea chenji yangu, na kutoka getini mpaka kwenye maegesho ya ndege nikawa najisuta. Jibu la kweli lilikuwa "inategemea," ila "inategemea" ya ndege huwezi kuimaliza ukiwa umeshika helmeti ya mtu mkononi.

Inategemea umebeba uzito gani, joto la siku hiyo, uko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, miguu yako ina akili kiasi gani, na jambo moja ambalo watu wa nje ya kazi hii hawalifikirii kabisa: mikono yako imelelewa na ndege gani.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Ukisimama Kisongo asubuhi utaona Cessna Caravan zikipishana kupeleka watalii Serengeti, na Caravan ina injini moja tu. Wala si ubahili. Injini yake ni ya tabini, ukoo mmoja na injini za ndege kubwa za abiria, haina pistoni za kupanda na kushuka, na huzima kwa nadra sana. Ndege ndogo ninazozisemea hapa, akina Piper Seminole, Piper Seneca, Beechcraft Baron na Cessna 310, zina injini za pistoni, ndugu wa mbali wa ile ya pikipiki niliyoshuka. Injini ya pistoni hugoma mara nyingi zaidi kuliko tabini, na ukiwa nazo mbili, uwezekano wa moja kukugomea safarini umeongezeka mara mbili. Ulichonunua kwa ile ya pili ni nafasi ya kufika, endapo ndani ya sekunde chache za mwanzo utafanya yanayotakiwa. Usipoyafanya, ingekuwa nafuu kuwa na moja. Ya injini moja ikizima inageuka nyiriri tu, ndege isiyo na injini. Inashuka polepole huku umeinyoosha, unatafuta shamba.

Hesabu ya duka

Tuseme una duka pale Soko Kuu. Kwa siku linaingiza shilingi 200,000. Kodi, umeme, ushuru na mshahara wa kijana wako vinakula 80,000. Faida ni 120,000. Sasa mapato yakatike nusu. Umeingiza 100,000, lakini mwenye nyumba hajui habari hiyo. Gharama ni zilezile 80,000. Umebaki na 20,000. Mapato yamepungua kwa nusu, faida imepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Ndege iko hivyohivyo. Sehemu kubwa ya nguvu za injini inaliwa na kazi ya kubaki hewani tu, kusukuma hewa na kubeba uzito wako bila kupanda wala kushuka. Kupanda ndiyo faida. Seminole ina injini mbili za nguvu farasi 180 kila moja. Ikiwa imejaa, kwenye usawa wa bahari, hupanda kama futi 1,200 kwa dakika. Zima injini moja, inabaki futi 200 na kidogo. Na hizo 200 ni za rubani ambaye hajakosea hata kitu kimoja, kwenye ndege yenye injini nzima na rangi isiyobanduka.

Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba hakuna aliyewahi kuahidi zaidi. Kanuni za Marekani zilizotumika kuidhinisha ndege nyingi za aina hii, zile zisizozidi pauni 6,000 na zenye uwezo wa kutua kwa mwendo mdogo, hazikudai kabisa ndege iweze kupanda kwa injini moja. Zilimtaka mtengenezaji apime na aandike kitabuni, hata kama kinachoandikwa ni kwamba inashuka.

Sasa lihamishe duka lako Kisongo. Uwanja wa Arusha uko kama futi 4,550 juu ya usawa wa bahari. Vitabu vya ndege vimeandikwa kwa hewa ya mfano, ambayo kwenye mwinuko huo ingekuwa na nyuzi joto 6 hivi. Ni siku gani umeiona Arusha mchana ikiwa na nyuzi 6? Saa nane mchana, nyuzi zikiwa 28, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona iko futi 7,200. Haijali altimita, kile kipima mwinuko, inasemaje wala mnara unasemaje. Injini ya pistoni isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, si ile tabini) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi elfu moja, kwa hiyo umeshapoteza kama asilimia 22 kabla hujaachia breki. Duka lililokuwa likiingiza 200,000 sasa linaingiza 156,000. Injini moja ikizima, 78,000. Gharama ni 80,000.

Hapo huna faida, una deni, na deni la ndege hulipwa kwa futi. Kitabu cha Seminole chenyewe kinakubali: ikiwa imejaa, dari yake ya injini moja, yaani mwinuko ambao bado ina uwezo wa kupanda futi 50 tu kwa dakika, ni kama futi 3,800. Lami ya Kisongo iko juu ya dari hiyo. Mtu aliyejaza Seminole watu wanne na mizigo akaondoka Kisongo adhuhuri, injini ya pili inampunguzia kasi ya kushuka, basi. Baron 58 ina misuli zaidi, dari yake ni kama futi 7,000, na nawe umeona mchana wa Kisongo unafika wapi. Seneca za toleo la pili na kuendelea zina tabo, kama malori, kwa hiyo hazipumui kwa shida hivyo. Ukitaka kujua kwa nini wenye uzoefu wa huku hupenda tabo, ndiyo hiyo.

Punda aliyegoma

Kama tatizo lingekuwa kupanda tu, tungelimudu. Kubwa zaidi ni kupinda.

Umewaona punda wawili wakivuta mkokoteni, pale barabarani siku ya mnada? Mmoja akigoma ghafla huku mwingine anaendelea, mkokoteni hausongi mbele kwa nusu mwendo. Unazunguka kuelekea kwa aliyegoma. Injini za Baron ziko kwenye mabawa, moja kila upande, mbali na katikati. Ya kushoto ikizima, ya kulia inausukuma upande wake mbele na pua inakimbilia kushoto. Bawa la kulia linakwenda kasi zaidi kuliko la kushoto, linapata nguvu zaidi ya kuinuka, basi ndege inaanza kujiviringisha vilevile. Juu ya hayo, propela ya injini iliyozima inaendelea kuzungushwa na upepo, na propela inayozungushwa na upepo ni sawa na kutoa ungo dirishani gari likiwa mwendo kasi.

Kinachoizuia ndege isipinde ni usukani wa mkiani, ambao rubani anauendesha kwa pedeli za miguu. Usukani huo ni kama wa mtumbwi: una nguvu pale tu maji, kwetu hewa, yanapoupita kwa kasi ya kutosha. Ukipunguza mwendo unafika mahali ambapo umekanyaga pedeli mpaka mwisho, goti limenyooka, na pua bado inakwenda. Mwendo huo umechorwa mstari mwekundu kwenye kipima mwendo. Kwenye Seminole ni noti 56 (noti za huku si za benki, ni maili za baharini kwa saa), na kwenye Baron ni zaidi ya 80. Juu yake kuna mstari wa buluu, mwendo unaokupa kupanda kuzuri kuliko kote kwa injini moja: 88 kwa Seminole, karibu 100 kwa Baron. Maisha yote ya dakika za kwanza baada ya kuruka yako kati ya mistari hii miwili.

Dawa ya kuangukia chini ya mwekundu inauma. Unatakiwa upunguze nguvu ya injini nzima, ile pekee uliyobaki nayo, na ushushe pua kuelekea ardhi unayoiogopa. Mkono unakataa. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa akinigonga vifundo vya vidole kwa penseli mpaka nikajifunza kuurudisha nyuma.

Na hapa Arusha inaongeza kiungo chake. Injini isiyo na tabo ikidhoofishwa na mwinuko, inavuta kidogo, hivyo inaipinda ndege kidogo, na ule mwendo wa hatari unateremka chini ya mstari uliochorwa. Utadhani ni heri. Lakini mwendo ambao bawa linaishiwa nguvu ya kubeba hauteremki nao. Kwenye kipima mwendo unabaki palepale. Kwenye Seminole miendo hiyo miwili inakaribiana hata kule pwani. Huku kwetu inapishana: bawa linakata tamaa kabla usukani haujakuonya. Bawa likikata tamaa huku injini moja inavuta, ndege huanza kuzunguka kama pia, na ndege hizi hazikuthibitishwa kwamba zinaweza kutoka kwenye mzunguko huo. Aliyefundishwa Dar es Salaam kusubiri pua ianze kukimbia ndipo achukue hatua, akija kufanya zoezi hilohilo juu ya Monduli anaweza kusubiri kitu ambacho hakiji.

Yanayotakiwa ukiwa umeshaondoka ardhini na injini ikazima yanatamkika kwa pumzi moja: nyoosha pua kwa mguu, nguvu zote mbele, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) juu, magurudumu juu, tambua, hakikisha, feza. Kutambua ni kwa mguu. Mguu usio na kazi ndio uko upande wa injini iliyokufa. Kuhakikisha ni kurudisha nyuma liva ya nguvu ya injini unayoituhumu. Kama hakuna kinachobadilika, ndiyo yenyewe. Kufeza ni kuyageuza mapanga ya propela yaukate upepo kwa ubapa wa kisu badala ya kuukinga, ule ungo uingizwe ndani. Usichelewe lakini, maana propela nyingi za aina hii zina pini zinazojifunga injini ikishuka chini ya mizunguko kati ya 700 na 1,000 kwa dakika, na pini zikifunga, hufezi tena. Halafu inamisha ndege kidogo, nyuzi zisizozidi 5, kuelekea injini nzima.

Kama magurudumu bado yako chini na lami ipo mbele, hakuna cha kutambua. Rudisha zote mbili, tua, piga breki.

Mikono iliyolelewa kwingine

Mpaka hapo nimeeleza yanayofundishwa kwenye kila darasa. Yaliyonileta Kisongo siku ile ni mengine. Kibali cha injini nyingi kwenye leseni hakisemi Seminole wala Baron; daraja moja linafunika aina nyingi za ndege ndogo za pistoni. Kwa karatasi nilikuwa nimekamilika. Nilikuwa na saa zangu za Seminole, nyingi tu, na Baron niliyokuwa naiendea ilikuwa ya zamani, ya kabla ya 1984.

Mwaka huo una maana. Ndege nyingi ndogo zinapanga liva kutoka kushoto kwenda kulia hivi: nguvu, propela, mchanganyiko wa mafuta. Baron za kabla ya 1984 zinaanza na propela kushoto, nguvu katikati. Swichi nazo zimebadilishana nyumba. Ya magurudumu, ambayo kwingine huwa kushoto, iko kulia, na ya flapu imehamia kushoto. Mwaka 1980 wachunguzi wa ajali wa Marekani walitoa ripoti nzima kuhusu marubani wa Baron na Bonanza, ndugu yake wa injini moja, waliotua vizuri, wakataka kuinua flapu wakiwa bado wanakimbia kwenye lami, wakainua magurudumu. Ipo swichi ya usalama inayozuia hilo ndege ikiwa imekaa kwa uzito wake, lakini baada tu ya kutua mabawa bado yanabeba kiasi, na swichi hiyo inaweza kudanganyika.

Mwalimu wangu wa Kisongo, mzee mmoja mpole wa Kimeru ambaye hajawahi kunyanyua sauti mbele yangu, hakunipeleka angani siku ya kwanza. Alinikalisha kwenye kiti cha kushoto, umeme umezimwa, akatoa shali ya mkewe begani na kunifunga macho. Ilinukia kitunguu.

"Shika propela ya kulia," akasema. Nikashika. Akagusa kidole changu bila kusema neno. Nilikuwa nimeshika liva ya nguvu.

"Mchanganyiko wa kushoto." Sawa.

"Tumetua, tunakimbia. Flapu juu."

Mkono wangu wa kulia ukaenda wenyewe, haraka, kwa ile raha ya mtu anayejua kazi, ukakuta kitu cha mviringo kidogo. Swichi ya magurudumu hutengenezwa kwa umbo la gurudumu na ya flapu kwa umbo la bawa, makusudi vidole vijue. Vidole vyangu vilijua. Mkono haukusubiri viuambie.

"Pole, kapteni," akasema mzee. "Tumekaa kwa tumbo."

Tulirudia kwa saa nzima na ushee. Nilikosea mara nne, na zote nilipoharakishwa. Kwa utulivu unasoma, unafikiri, unapatia. Ukibanwa, mwili unarudi nyumbani kwake, na nyumbani kwa mwili wangu kulikuwa kwenye ndege nilizozizoea. Hata mguu ulikuwa na ugeni wake. Propela za Seminole zinazunguka kila moja upande wake, kwa hiyo injini yoyote ikizima, ubaya ni uleule. Za Baron zote zinazunguka upande mmoja, kama mishale ya saa ukitazama kutoka kitini, na pua ikiwa juu panga linaloshuka, la upande wa kulia, ndilo linalovuta zaidi. Mvuto wa injini ya kulia unakuwa mbali zaidi na katikati ya ndege. Kwa hiyo ya kushoto ikizima, mguu wa kulia unadaiwa nguvu ambayo Seminole haijawahi kuudai.

Usidhani ni ugonjwa wa ndege ndogo tu. Tarehe 8 Januari 1989, Boeing 737-400 ilianguka karibu na kijiji cha Kegworth, Uingereza, ikaua watu 47. Injini ya kushoto ndiyo iliyokuwa imevunjika panga. Marubani wakazima ya kulia, iliyo nzima. Ndege ilikuwa toleo jipya kwao. Kwenye matoleo ya zamani hewa ya abiria ilitegemea zaidi injini ya kulia, basi moshi ulipoonekana, ujuzi wa zamani ukawanyooshea kidole kulia. Ulikuwa ujuzi sahihi wa ndege nyingine.

Mafuta nayo yana mitego yake. Cessna 310 ina matangi makubwa kwenye ncha za mabawa, na hayo ya nchani ndiyo makuu. Yaliyo ndani ya bawa ndiyo ya akiba. Kwenye zile za injini za kupuliziwa mafuta, ukitumia akiba, mafuta yanayozidi hurudishwa kwenye tangi kuu. Ukianza na akiba tangi kuu likiwa limejaa, yanayorudi yanamwagwa nje. Ndiyo maana kitabu kinakutaka utumie kuu kwanza, saa moja au zaidi kutegemea toleo. Hakuna akili ya kawaida itakayokufikisha hapo bila kusoma.

Tuliruka siku ya tatu, saa moja asubuhi. Mzee alichagua saa hiyo kwa sababu ya nyuzi 16: ndege ilijiona iko futi 5,750 badala ya zile 7,200 za mchana. Watu wawili tu, matangi nusu, viti vya nyuma vitupu. Kabla ya kuachia breki alinitaka niseme kwa sauti nitafanya nini injini ikizima kabla ya magurudumu kunyanyuka, nitafanya nini ikizima baada yake, na mwendo gani unatenganisha moja na jingine. Mbele yetu mji, Meru juu kushoto ukiwa bado na wingu kiunoni. Nilisema. Akasema rudia, na safari hii gusa unachokitaja.

Tulikwenda KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, dakika chache tu kwa Baron. Uwanja ule uko karibu futi 1,600 chini ya Kisongo na una lami ya mita 3,600, na kwa mtu anayejifunza ndege ngeni sijui zawadi nyingine kubwa kuliko lami iliyozidi. Nilitua si kwa uzuri wa kusimulia. Pua iligusa, breki zikashika, na nikauona mkono wangu wa kulia umeshanyanyuka kutoka kwenye liva, uko hewani, unaelekea kulia.

Mzee hakuwa akitazama lami. Alikuwa akiutazama mkono. Niliurudisha nikauweka juu ya goti, ukakaa hapo mpaka tulipoacha njia ya kurukia, tukavuka mstari, tukasimama kabisa.

"Haya," akasema. "Sasa flapu."

Nikageuza kichwa, nikaitafuta kwa macho, kushoto.